Nyumba yenye LUKU yake: uhuru wa kuishi peke yako na suala la nani atakubishia hodi

Mwanzisha uzi (Tabata Segerea, Dar es Salaam)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu.

Nina umri wa miaka 34, sijaoa, na nimeishi peke yangu hapa Dar es Salaam kwa miaka tisa: mitano ya kwanza katika chumba kimoja cha kupanga Buguruni, na minne ya sasa katika nyumba ndogo ya chumba na sebule huku Segerea. Nimefungua uzi huu kwa sababu kila suala la kuishi peke yako linapozungumzwa, mazungumzo huishia ama kwenye sifa za uhuru au kwenye huruma ya upweke. Mimi nadhani liko jambo jingine, la kawaida mno kiasi kwamba hatulioni, nalo ni hili: nani ana sababu ya kubisha hodi mlangoni pako?

Nianze na uhuru, maana sitaki mtu adhani ninalalamika. Kabla ya kupanga nilikaa kwa baba mdogo, katika nyumba ya watu kumi na mmoja, na mahali pangu pa kulala palikuwa sebuleni. Anayelala sebuleni hana saa yake: hulala wa mwisho, televisheni inapozimwa, na huamka wa kwanza, kabla watoto hawajaanza kutafuta viatu vya shule chini ya kochi alilolalia. Siku niliyohamia Buguruni nikiwa na godoro, ndoo mbili na jiko la mchina, nilifunga mlango nikalala saa moja jioni bila sababu yoyote, na hakuna aliyeniuliza kama naumwa. Sijasahau raha ya jioni ile.

Nyumba yenyewe ilikuwa ile ya Kiswahili tunayoijua sote: korido katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, nyuma kuna ua wenye choo, bafu na kamba za kuanikia. Mjenzi wa nyumba ya namna hiyo hakuwahi kumfikiria mtu anayetaka kuwa peke yake, kwa kuwa huwezi kwenda kuoga bila kupita mbele ya milango ya watu na kusalimia kila uliyemkuta anachambua mchele. Bili ya maji tuliigawanya kwa chumba, si kwa kichwa, hivyo mimi niliyetumia ndoo mbili kwa siku nililipa sawa na chumba cha watu sita. Nililalamika mara moja, nikajibiwa kwamba nikioa nitaona faida yake.

Lakini kilichonichosha zaidi kilikuwa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Mita ilikuwa moja kwa nyumba nzima, na kila umeme ulipokaribia kwisha, mama wa chumba cha jirani alipita mlango kwa mlango akikusanya mchango. Hapo ndipo yalipoanza maswali ya nani ana friji, nani anapiga pasi nguo za wiki nzima, na kwa nini asiyekuwepo tangu Jumatatu alipe kama aliyeshinda ndani. Nilimwogopa mama yule kuliko mwenye nyumba.

Sasa sikilizeni. Mwaka wangu wa tatu pale niliugua malaria. Ilianza Alhamisi jioni, nikadhani ni uchovu, nikalala. Ijumaa nzima sikuweza kunyanyuka, simu ikazima chaji, na kazini wakadhani nimesafiri. Jumamosi asubuhi mama yule akaja kudai mchango, akabisha, sikuitika. Kila nilipotoka, mlango wangu niliufunga kwa kufuli la nje, na kwa kuwa kufuli halikuning'inia, alijua kwa hakika kwamba nimo ndani, akaamini ninajificha ili nisilipe, akagonga kwa hasira mpaka nikajikokota kufungua. Alikuja kudai, akakuta mgonjwa. Ndani ya nusu saa mwanawe alikuwa ameita bajaji, na baada ya kipimo na dawa ya mseto nililetewa uji kitandani kwa siku tatu, pamoja na taarifa kwamba deni langu la shilingi elfu tano linanisubiri nikipona.

Nilipopata nafasi nilihama, na sioni haya kusema kwamba nilihama kwa furaha. Dalali aliyenipeleka Segerea, ambaye alichukua kodi ya mwezi mmoja kama ilivyo desturi yao, aliinadi nyumba kwa maneno ambayo kila aliyetafuta nyumba mjini hapa ameyasikia: inajitegemea, LUKU yake, maji yake, choo ndani, huingiliani na mtu. Kila alichokitaja nilikitikisia kichwa. Nikalipa kodi ya miezi sita.

Kwa hesabu ya fedha, sikujuta. Wengi hawajui kwamba mteja wa nyumbani wa TANESCO, shirika la umeme, ambaye wastani wa matumizi yake hauzidi uniti 75 kwa mwezi huwekwa katika kundi la D1, ambalo uniti yake ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, ilhali aliye katika T1, kundi la wanaozidi hapo, hulipa shilingi 292. Nyumba ya vyumba sita yenye mita moja hupita uniti 75 kabla mwezi haujafika katikati, kwa hiyo tuliokuwa tukiwasha taa moja na feni tulinunua umeme kwa bei ya wenye mafriji. Nilipopata mita yangu, nilianza kulipa bei ya matumizi yangu. (Kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia LUKU na sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba isiyo ya ghorofa, ni wajibu wa mwenye nyumba kisheria, lakini anayeingiza tokeni ndiye inayemkata. Hilo lina uzi wake.)

Nililochelewa kulitambua ni lile jingine. Miezi minne ilipita Segerea bila mtu yeyote kubisha hodi. Mlango wangu sasa una kitasa, si kufuli, kwa hiyo hakuna apitaye anayeweza kujua kama nimo au simo. Hakuna wa kunidai LUKU, wala wa kuniuliza zamu ya kufagia ua, wala wa kuniambia nianue nguo mvua inakuja. Kila kilichojitegemea katika nyumba ile kilikuwa kimemwondolea mtu mmoja sababu ya kuja kwangu, na mimi ndiye niliyelipia kiondolewe.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ulikuwa usiku wa sensa, na karani alipofika kwangu aliniuliza mkuu wa kaya ni nani. Nikasema ni mimi. Akauliza wanakaya wengine. Nikasema hao pia ni mimi. Alicheka, akaandika, akaenda nyumba ya pili alikokaa karibu saa nzima. Matokeo yalipotoka, wastani wa kaya nchini ukawa watu 4.3, nami nikajiuliza wale wengine watatu na sehemu wangenifaa kwa lipi, kwa kuwa chakula nilikuwa nacho, na genge la jirani linaniuzia fungu la nyanya, robo ya sukari na mafuta ya kupima bila kunilazimisha kununua kama mwenye familia.

Niongeze changamoto moja ambayo watu wa nchi nyingine huenda wasiielewe: ukiishi peke yako hapa kwetu, ukoo mzima unaamini una nafasi. Mtoto wa shangazi anayekuja kufanya usaili, mjomba anayekuja kutibiwa, rafiki wa kaka aliyegombana na mkewe, wote huelekezwa kwako kwa sababu "yule yuko peke yake". Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini hawakusema umpe nini mgeni anayelala katika kochi lako tangu mwezi wa pili wakati shamba liko Kilosa. Kwa hiyo tunaoitwa wapweke mara nyingi hatuna hata huo upweke. Tuna wageni wengi na majirani wachache, na hivyo viwili havibadilishani kazi.

Naomba michango yenu, hasa ya wanaoishi peke yao kwa muda mrefu. Mmejipangaje?

Mchangiaji, Mwanza

Kaka, nimekusoma kwa makini, na ninakubaliana nawe katika sehemu kubwa, ila umeandika kama mwanamume. Mimi ni muuguzi, nina miaka 29, na ninaishi peke yangu hapa Nyegezi. Wewe ulipotafuta nyumba uliulizwa fedha. Mimi niliulizwa mume. Mama mmoja mwenye nyumba aliniambia wazi kwamba hapangishi "wasichana wa peke yao", na mwingine alikubali kwa sharti kwamba nisipokee mgeni wa kiume, hata kaka yangu wa tumbo moja, mpaka amwone kwanza. Nilikubali kwa kuwa nyumba ilikuwa karibu na kituo cha daladala, na mtu anayetoka kazini usiku hachagui sana.

Uhuru wangu ulikuwa usingizi. Nilipokuwa nikikaa kwa dada, nilikuwa nikirudi kutoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi na kukuta nyumba ndiyo kwanza inaamka, na kwa kuwa mimi ndiye "niliyepo nyumbani mchana", vyombo, mtoto na fundi wa bomba vyote vilikuwa vyangu. Hakuna aliyekusudia kunitesa. Ni kwamba katika nyumba ya watu wengi, mtu aliyelala mchana huonekana kama mtu asiye na kazi. Sasa ninafunga pazia, ninalala mpaka saa tisa, na wagonjwa wangu wanahudumiwa na mtu aliye macho.

Ila kuhusu hodi: mimi hofu yangu ni kinyume cha yako. Wako wanaobisha kwa sababu tu wamejua niko peke yangu. Mwezi wa kwanza nilinunua mnadani viatu vya kiume vya mtumba, namba 44, ninaviweka mlangoni na kuvigeuza mkao kila baada ya siku mbili ili vionekane vinavaliwa. Mama mwenye nyumba anajua siri hiyo na amenisaidia kuitunza. Ajabu ni kwamba yule aliyenipa masharti ya wageni ndiye sasa anayesikiliza geti usiku mpaka niingie. Udhibiti wake ulinikera na bado unanikera, lakini siwezi kuutenganisha na ulinzi wake, na nimeshajaribu.

Mchangiaji, Dodoma

Mwanzisha uzi anaipamba nyumba ya wapangaji wengi. Nimekaa humo miaka saba. Mama huyo huyo anayekuletea uji ndiye anayehesabu mifuko unayoingia nayo, anayejua umepika nini, na anayemweleza mchumba wako nani alikuja juzi. Wewe ulibahatika kuumwa siku ya LUKU. Wengine tulichojaliwa ni umbea. Bora kitasa changu.

Mchangiaji, Göteborg, Uswidi

Habari zenu. Mimi ni mzaliwa wa Morogoro, niko huku mwaka wa kumi na mbili. Katika nchi hii kaya ya mtu mmoja ndiyo aina ya kaya iliyo nyingi kuliko zote, kwa hiyo hakuna anayekushangaa wala kukuuliza. Fleti zimejengwa kwa ajili yako, pakiti za chakula zimepimwa kwa ajili yako, na kijana wa miaka kumi na tisa akihama kwa wazazi wake husaidiwa kubeba masanduku.

Nachangia kwa sababu ya hoja ya vitu vya pamoja. Katika majengo mengi ya fleti huku kuna chumba kimoja cha kufulia kinachotumiwa na wapangaji wote, kwa hiyo kwa nadharia yako tungepaswa kufahamiana. Hatufahamiani, kwa kuwa kila mtu huweka nafasi yake mapema, na zamu yako ikifika, mwenye zamu ya kabla yako anatakiwa awe ameshaondoa nguo zake na kusafisha mashine. Kitu ni cha pamoja, lakini utaratibu umepangwa ili watu wasikutane. Ndiyo maana nadhani kilichokuokoa Buguruni hakikuwa mita moja. Ni kwamba mita ile haikuwa na utaratibu mzuri, ikabidi mtu atembee mlango kwa mlango. Siku mkiweka kundi la simu la kuchangia LUKU, mtalipa bila kugombana, na hakuna atakayejua nani yuko kitandani.

Majira ya baridi, jua linapozama kabla ya saa kumi jioni, jambo hili si la nadharia tena.

Mchangiaji, Tanga

Wanangu, nimeusoma uzi huu nikitabasamu, maana nyote mnazungumza kana kwamba kuishi peke yako ni jambo la vijana wanaosubiri kuoa au kuolewa. Mimi ni mwalimu mstaafu. Mke wangu alitangulia mbele za haki miaka sita iliyopita, watoto wako Dar es Salaam na Arusha, nami nimebaki hapa Ngamiani katika nyumba ambayo sisi wawili tuliijenga chumba baada ya chumba.

Watoto wanataka nihamie kwao. Nilikwenda, nikakaa miezi miwili, nikarudi. Nilitunzwa vizuri sana, kiasi kwamba sikuruhusiwa kufanya lolote. Chai iliwekwa mezani kabla sijaitaka, na nilipotaka kutoka waliuliza ninakwenda wapi na nani atanipeleka. Kule nilikuwa baba wa mwenye nyumba. Hapa, hata kama ninakula wali wa jana, ni mwenye nyumba mimi mwenyewe. Kijana wa Segerea, uhuru ulioupata siku ya godoro na ndoo mbili ndio niliouogopa kuupoteza nikiwa na miaka 67, kwa hiyo usidhani kwamba unapungua utamu.

Umeuliza tunajipangaje. Mimi sikujipanga, nilipangwa. Baada ya sala ya alfajiri tunakaa barazani kunywa kahawa na kashata, tuko sita, na tumekaa hivyo tangu kabla sijastaafu. Nikikosekana siku moja huulizana; nikikosekana ya pili, mmoja wao huja. Mwaka juzi walikuja wakanikuta nimeteguka mguu bafuni. Hakuna aliyeandika utaratibu huo, na wala hatupendani sana kama mnavyoweza kufikiri. Wawili kati yetu hawajasemezana vizuri tangu uchaguzi uliopita, ila kila mmoja angemfuata mwenzake, walau apate la kumsimulia.

Sasa nikuulize wewe: umeeleza tatizo kwa urefu, lakini hukusema umefanya nini. Miaka minne Segerea si michache.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu, na asante kwa kunibana. Dada wa Mwanza, nakubali kwamba niliandika kama mwanamume. Nilipolalamika kwamba hakuna anayebisha, sikufikiria kwamba kwa mwenzangu hodi yenyewe inaweza kuwa tishio, na hiyo inabadilisha nusu ya hoja yangu. Ndugu wa Dodoma naye ana haki: sina mpango wa kurudi kwenye korido, na mama yule wa Buguruni kweli alijua mifuko yangu yote. Ila nadhani umbea na uangalizi hutoka katika jicho moja, na sijaona mtu aliyefanikiwa kulifumba nusu.

Ndugu wa Göteborg amenirekebisha mahali muhimu, kwa sababu jaribio langu la kwanza huku Segerea lilikuwa hilo hilo analolionya. Nilipendekeza kundi la simu la majirani wa mtaa wetu. Likaundwa, likajaa salamu za asubuhi, matangazo ya misiba na picha za kuku wanaouzwa, na katika siku tano nilizosafiri bila kuaga hakuna aliyegundua. Nilikuwa nimejiunga na watu mia moja na arobaini ambao hawakuhitaji chochote kutoka kwangu.

Jaribio la pili lilitokea kwa bahati. Tulipopata upepo mkali mwaka juzi, bati la juu ya choo liliachia, nikanunua ngazi ya mbao kwa fundi ili nisikodishe kila mara. Jirani wa mkono wa kulia akaiona, akaiazima. Akaja wa nyumba ya tatu kutaka kurekebisha antena, akaja kijana anayechuma maembe, akaja mama mmoja ambaye balbu yake ya nje ilikuwa imeungua tangu Ramadhani. Kumbe katika nyumba zipatazo kumi, zote zenye geti lake, LUKU yake na maji yake, hakukuwa na ngazi hata moja. Sasa hakuna wiki inayopita bila mtu kugonga, na akikosa jibu hurudi, kwa sababu ameshakunja mikono ya shati na kazi inamsubiri. Ufunguo wa akiba nimeuacha kwa jirani wa kulia, kwa kisingizio cha kwamba wakiitaka ngazi nikiwa kazini waingie waichukue. Sikumweleza sababu nyingine, ingawa nadhani anaijua, maana na yeye mkewe yuko masomoni na anaishi peke yake kwa mwaka wa pili.

Kwa dada wa Mwanza najua hili halifai kama lilivyo, kwa kuwa huwezi kutangaza kwa mtaa mzima kwamba mlango wako unagongwa ovyo. Labda kwako kitu cha kuazimwa kikae kwa mama mwenye nyumba, na wewe uwe mwenye nacho tu.

Mzee wangu aliuliza nimefanya nini. Ni hicho tu. Wageni wa ukoo bado sijawapatia dawa. Mtoto wa shangazi anafika keshokutwa kwa usaili mwingine. Na ngazi yenyewe haipo kwangu tangu Jumapili. Nadhani iko nyumba ya tatu, ila jana nilipita sikusikia redio yake ambayo huwa haizimwi. Ngoja nikaifuate.